Jiwe la Seoul na Mtungi wa Bwana Mifugo

Julai 2023 video fupi ilizunguka dunia nzima kupitia simu za mikononi. Kijipande cheusi cha jiwe kilionekana kimeinuka juu ya sumaku, ncha moja hewani na nyingine ikiwa imegusa. Watafiti wa Seoul, Korea Kusini, waliliita jiwe hilo LK-99. Walisema linapitisha umeme bila ukinzani wowote, tena si katika baridi ya ajabu bali katika joto tulilolizoea, hata likipashwa hadi nyuzi 127. Kitu cha namna hiyo huitwa supakondakta, na supakondakta zote zilizokuwa zimethibitishwa hadi siku hiyo zilihitaji baridi kali au mgandamizo wa kutisha.

Wiki nne hazijaisha, dai lilikuwa limeanguka. Tangu hapo nimelisikia likitajwa mara nyingi kama siku sayansi ilipojivua nguo hadharani. Mimi naona sivyo. Lakini badala ya kuhubiri peke yangu, nimewaketisha watu watatu niliowabuni, nikawapa hoja ambazo watu hutoa kweli. Wa kwanza ni Fundi, aliyekaa miaka mingi kwenye nguzo za umeme. Wa pili ni Mwalimu, mama anayefundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Wa tatu ni Bwana Mifugo wa kata, mhimilishaji wa ng'ombe, anayezunguka vijijini na pikipiki na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika uliohifadhi mbegu za madume. Hoja iliyo mezani: LK-99 iliiaibisha sayansi. Fundi anaiunga mkono, Mwalimu anaipinga, Bwana Mifugo hajaamua.

FUNDI: Naanza na nyaya, kwa kuwa ndizo ninazozijua. Waya wa alumini ukibeba mzigo mkubwa hupata moto. Moto ule ni umeme ambao maji au gesi imeshatumika kuuzalisha, halafu unapotelea hewani kabla haujawasha hata taa moja. Kwa hiyo mtu akisema amepata waya usiopoteza chochote, mimi ndiye wa kwanza kusogeza kiti nimsikilize. Hasira yangu inatoka hapo. Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, kule Leiden, Uholanzi, alipoza zebaki hadi nyuzi 269 chini ya sifuri akakuta ukinzani umetoweka. Hesabu miaka, Mwalimu. Zaidi ya mia moja! Nguzo zangu bado zina alumini. Halafu wanakuja watu na video, dunia inaruka, hisa za kampuni za Korea zinapanda, na baada ya mwezi tunaambiwa hakuna kitu. Hiyo si aibu?

MWALIMU: Fundi, aliyekuahidi waya wa nguzo ni nani? Onnes alitamani sumaku zenye nguvu, akagundua kwa huzuni kwamba sumaku ndiyo inayoua hali ile katika zebaki na risasi. Watu walihangaika nusu karne hadi wakapata aloi ya niobiamu na titaniamu inayostahimili sumaku. Koili za aloi hiyo leo zimo ndani ya mashine nyingi za MRI. Mgonjwa anapolazwa ndani ya lile tundu, mkondo unaomzunguka hauchomekwi ukutani kila siku. Uliingizwa mara moja, ukaachwa, na unazunguka wenyewe kwa miaka. Huwezi kusema haijatufikia. Imetufikia hospitalini kabla ya kufika kwenye nguzo yako.

BWANA MIFUGO: Samahani, Mwalimu. Ndani ya mashine hiyo kuna baridi ya namna gani? Mtungi wangu una nyuzi 196 chini ya sifuri, na nikisahau kuujaza kwa wakati, mbegu zote zimekufa.

MWALIMU: Ya kwako ni joto ukilinganisha. Ile hutumia heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Na heliamu si rahisi kama naitrojeni. Naitrojeni unaivuna hewani, popote ulipo. Heliamu huzaliwa polepole miambani, urani na thoriamu zinapooza, na ukiiachia inapanda juu na kuondoka duniani kabisa.

FUNDI: Hapo ndipo Tanzania inapoingia. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza heliamu nyingi katika bonde la Rukwa. Walisema joto la Bonde la Ufa ndilo lililoikamua kutoka kwenye miamba ya kale. Sasa niambieni: supakondakta isiyohitaji baridi ikipatikana kesho, heliamu yetu tutamuuzia nani?

(Swali hili linafaa lisipitwe haraka. Wapo wanaodhani habari za supakondakta ni za watu wa mbali, ilhali moja ya bidhaa zinazoziendesha iko chini ya udongo wa Rukwa. Lakini heliamu hununuliwa pia na viwanda vya chipu za kompyuta, vya roketi na vya uchomeleaji. Soko lake halitafungwa na jiwe moja. Nawarudishia wazungumzaji nafasi yao.)

MWALIMU: Utamuuzia yule yule unayemuuzia leo, kwa sababu kesho hiyo haiji kesho. Ngoja nikueleze kwa nini ni ngumu. Elektroni zinazopita ndani ya waya zinagongana na kuyumba, kila moja kivyake. Zikipozwa sana, katika metali fulani, zinaanza kutembea mbili mbili. Mfikirie mtu anayepita juu ya godoro la sufi: anapokanyaga panabonyea, na anayemfuata anateremkia pale pale. Elektroni ya kwanza inavuta atomu kidogo, ya pili inafuata kile kibonde. Zikishaungana hivyo zote zinakwenda kama kundi moja, na hakuna cha kuziyumbisha. Bardeen, Cooper na Schrieffer waliieleza hesabu hiyo mwaka 1957, wakapewa Nobel mwaka 1972. Joto ni mtikisiko. Ukitikisa godoro kwa nguvu, kibonde kinafutika.

BWANA MIFUGO: Basi mtungi wangu hauwezi kusaidia, maana bado una joto mno.

MWALIMU: Hivyo ndivyo wote walivyodhani hadi 1986! Mwaka huo Georg Bednorz na Alex Müller, kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, walichukua kitu ambacho wenzao wasingekigusa: kauri. Si metali, ni kauri, ndugu ya chungu na kigae, yenye shaba, lanthanamu, bariamu na oksijeni. Ikawa supakondakta karibu nyuzi 238 chini ya sifuri, juu ya chochote kilichowahi kuonekana. Mwanzoni mwa 1987 Maw-Kuen Wu, Paul Chu na wenzao wakaweka itriamu mahali pa lanthanamu, wakafika nyuzi 180 chini ya sifuri. Unaona maana yake, Bwana Mifugo? Naitrojeni yako ya nyuzi 196 inatosha na kubaki. Machi ya mwaka huo wanafizikia walijazana katika hoteli moja ya New York, wakasikilizana hadi saa tisa usiku.

FUNDI: Kwa hiyo ilipatikana mwaka 1987. Mbona nguzo zangu—

MWALIMU: Kwa sababu kauri inavunjika, Fundi. Jaribu kuzungushia chungu kwenye nguzo. Ilibidi ipakwe kama utando mwembamba juu ya utepe wa metali, na utepe huo ni ghali. Hata hivyo upo. Mwaka 2014 mji wa Essen, Ujerumani, uliwekewa kebo ya namna hiyo chini ya mitaa yake, urefu wa kilomita moja, ikipozwa kwa naitrojeni, ikiunganisha vituo viwili vya umeme. Kilovolti 10 zikafanya kazi iliyokuwa inafanywa na kilovolti 110.

FUNDI: Hiyo nakubali. Kituo kidogo ndani ya mji uliobanana, hiyo ni faida ninayoielewa. Lakini hujanijibu kuhusu Seoul.

MWALIMU: Najibu. Tarehe 22 Julai 2023 ziliwekwa makala mbili hadharani, moja yenye majina matatu na nyingine sita. Hazikuwa zimepitia wahakiki wa jarida. Ndani yake kulikuwa na nini? Mapishi. Changanya oksidi ya risasi na salfeti ya risasi, choma kwa nyuzi 725 saa 24. Shaba na fosforasi kwa nyuzi 550 saa 48. Kisha saga vyote pamoja, funga ndani ya mrija usio na hewa, choma tena kwa nyuzi 925. Hakuna dhahabu humo. Hakuna mashine ya siri. Mwenye tanuri na mrija wa kwatzi angeweza kuanza jioni hiyo hiyo.

FUNDI: Na walianza, nakumbuka. Watu walikuwa wanapika jikoni.

MWALIMU: Waliopika maabarani ndio muhimu. India, China, Marekani, Ujerumani. Wengine waliona jiwe linainuka nusu kama kwenye video, wakapima, wakakuta ni usumaku wa kawaida tu, kama wa chuma, ulio dhaifu. Supakondakta halisi haiinuki ncha moja. Inaelea yote, tena ukiisukuma inabaki pale ilipo. Wengine waliona ukinzani unaporomoka ghafla karibu na nyuzi 104, kama Wakorea walivyosema. Wakajiuliza: kuna kitu gani humo kinachobadilika kwenye nyuzi 104? Jibu likawa salfaidi ya shaba. Ni uchafu uliozaliwa kwenye tanuri wakati wa mapishi, na mabadiliko yake kwenye nyuzi hizo yalikuwa yanajulikana vitabuni zamani. Watafiti wa Beijing wakapima salfaidi yenyewe, ukinzani wake ukaporomoka vivyo hivyo, bila kufika sifuri.

BWANA MIFUGO: Ni kama mtu aliyepima maziwa akasifu mafuta yake, kumbe ndoo ilikuwa na samli.

MWALIMU: Ndiyo. Kisha wakaja watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart. Wao wakaamua kuiosha ndoo. Walikuza fuwele safi ya LK-99, isiyo na salfa hata kidogo. Ikatoka ya zambarau, inayopitisha mwanga kama kioo. Walipoipima, ukinzani wake ulikuwa mamilioni ya om. Si supakondakta, wala si kipitishi cha kawaida. Ni kihami.

(Fuwele hiyo ya Stuttgart ndiyo inayonivutia kuliko kitu chochote katika kisa hiki. Hawa walijua tayari dai limeyumba. Wangeweza kuacha. Lakini walitaka kujua kitu chenyewe ni nini, kikiondolewa taka. Wakakipata, na ni kizuri: jiwe la zambarau ambalo mwanzoni lilikuwa jeusi kwa sababu ya uchafu tu.)

FUNDI: Vema. Basi waliosafisha wasifiwe. Lakini waliochafua? Kama mtu wa Stuttgart aliweza kutengeneza fuwele safi, kwa nini mwenye dai hakuifanya kwanza? Mimi nikiwasha laini kabla ya kuipima, nikaua mtu, nitasema nini? Kwamba niliacha mlango wazi ili wengine waje wanikosoe?

MWALIMU: Hapo umenibana, na sitakwepa. Walipaswa kusafisha kwanza. Jina lenyewe linatokana na herufi za Lee na Kim na mwaka 1999, walipoanza kulishughulikia, kwa hiyo muda haukukosekana. Kosa lilikuwepo, na nalikubali. Ninachokataa ni neno aibu. Aibu ya kweli ilitokea kwingine, karibu wakati ule ule, na kwa namna tofauti.

BWANA MIFUGO: Ya Rochester.

MWALIMU: Ya Rochester, jimbo la New York. Oktoba 2020 Ranga Dias na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba mchanganyiko wa kaboni, salfa na haidrojeni ulikuwa supakondakta kwenye nyuzi 15. Elewa kwamba wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Mwaka 2015 Mikhail Eremets na kundi lake huko Mainz, Ujerumani, walikuwa wamebana haidrojeni na salfa kati ya ncha mbili za almasi, kwa mgandamizo wa mara milioni moja na nusu wa hewa tunayovuta, wakapata nyuzi 70 chini ya sifuri. Wengine wakarudia, wakaona vile vile. Baadaye haidrojeni na lanthanamu zikafika karibu nyuzi 23 chini ya sifuri. Ni baridi ya friza.

FUNDI: Ila ndani ya ncha za almasi.

MWALIMU: Ndani ya ncha za almasi, kwa chembe usiyoiona bila hadubini. Sikudanganyi kuhusu nguzo zako. Lakini ya Eremets ilirudiwa, ya Rochester ikakwama. Watu waliomba data ghafi. Waliuliza namna usuli wa vipimo ulivyoondolewa kwenye grafu, wakajibiwa kwa shida. Septemba 2022 Nature iliiondoa makala hiyo. Machi 2023 kundi lile lile likarudi katika jarida lile lile na dai kubwa zaidi: lutetiamu, haidrojeni na naitrojeni, nyuzi 21, kwa mgandamizo mdogo kuliko wa mwanzo. Kundi la Nanjing, China, likajaribu na kuchapisha Mei kwamba halikuona kitu. Novemba makala ya pili ikaondolewa, na walioomba iondolewe walikuwa wanane kati ya waandishi wake kumi na mmoja. Uchunguzi wa wanasayansi wa nje ulioagizwa na chuo ukamkuta Dias na hatia ya kukiuka maadili ya utafiti. Yeye amekana. Hayuko tena katika chuo hicho.

BWANA MIFUGO: Mgema akisifiwa.

FUNDI: Hebu tulia. Hii inanisaidia mimi, si Mwalimu. Jarida kubwa, wahakiki, chuo kikubwa, na bado yalipita mara mbili. Kumbe Seoul wasio na wahakiki walikamatwa kwa wiki nne, na Rochester wenye wahakiki walichukua miaka.

MWALIMU: Fundi, umelisema mwenyewe kuliko nilivyotaka kulisema. Kwa nini huku wiki nne, na kule miaka? Seoul mapishi yalikuwa mezani. Rochester mlango ulifungwa. Muhuri wa jarida haupimi kitu. Kinachopima ni mtu mwingine, mji mwingine, tanuri nyingine, asiyekuwa na sababu ya kukupendelea.

FUNDI: Sawa, lakini nipe mfano mmoja basi wa kitu kilichopimwa hivyo kikasimama. Nimechoka na vinavyoanguka.

MWALIMU: Nikeli. Siku kumi tu kabla ya makala za Seoul, Julai hiyo hiyo, kundi la Meng Wang wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Guangzhou, lilichapisha habari ya oksidi ya lanthanamu na nikeli. Chini ya mgandamizo wa zaidi ya mara 140,000 wa hewa, ilionyesha dalili za usupakondakta karibu nyuzi 193 chini ya sifuri. Hakuna video iliyozunguka. Hakuna hisa iliyopanda. Na tatizo lilikuwepo, kwani ukinzani haukushuka hadi sifuri kamili katika vipimo vya mwanzo, na watu walilisema wazi. Makundi mengine yakachukua fuwele, yakabadilisha namna ya kuibana ili mgandamizo uwe sawa pande zote, na sifuri ikaonekana. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, makundi mawili, moja la Marekani na jingine la China, yakakuza utando mwembamba sana wa kitu hicho juu ya fuwele nyingine inayoubana kutoka chini. Ukawa supakondakta bila almasi, bila mgandamizo wowote wa nje. Baridi bado ni kali, kuanzia kama nyuzi 230 chini ya sifuri. Lakini sasa chombo cha kupimia kinaweza kuugusa.

BWANA MIFUGO: Na wanajua kwa nini nikeli inafanya hivyo?

MWALIMU: Hapana. Hata shaba ya 1986 hawajakubaliana. Godoro la sufi nililowaeleza halitoshi kuieleza. Ndiyo maana wanahangaika na kila kitu cha ajabu wanachoweza kukitengeneza. Mwaka 2018 Pablo Jarillo-Herrero na Yuan Cao, huko MIT, chuo cha Marekani, walilaza karatasi mbili za kaboni zenye unene wa atomu moja, moja juu ya nyingine, wakaizungusha ya juu kwa pembe ya nyuzi moja na kidogo, yaani 1.1. Hawakuongeza kitu wala kupunguza, walizungusha tu. Ikawa supakondakta, katika baridi kali kuliko hata ya zebaki. Haina faida kwenye nguzo. Lakini ukibadilisha volti unaiwasha na kuizima, na hivyo unaweza kuiuliza maswali ambayo kauri haikubali kuulizwa.

FUNDI: Basi nirekebishe hoja yangu. Siiti aibu tena. Naiita haraka. Na kwa haraka ile bado nawadai samahani.

MWALIMU: Hilo nalipokea.

BWANA MIFUGO: Na mimi sasa naamua. Tangu mwanzo nilikuwa nawaza jambo moja. Mmesema kauri ya itriamu inatosheka na nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wenye nyuzi hizo uko nje, kwenye pikipiki yangu. Miaka yote hii napita mbele ya sekondari na hakuna mwalimu aliyewahi kunisimamisha. Kwa nini?

MWALIMU: Kwa sababu hatukujua kwamba tunaweza kukusimamisha.

*

Mjadala wangu uliishia hapo, na hukumu yangu ni hii: hoja imeshindwa. LK-99 lilikuwa kosa lililowekwa mahali ambapo kila mtu angeweza kulikamata, na likakamatwa. Fundi ana haki ya kudai samahani kwa haraka, hana haki ya kudai aibu.

Lakini swali la Bwana Mifugo ndilo ninalotaka tuondoke nalo. Mwaka 1987, miezi michache baada ya kauri ya itriamu kutangazwa, wanafunzi wa sekondari huko California walisaga unga, wakauchoma, wakaumwagia naitrojeni na kuona kwa macho yao sumaku ikielea. Naitrojeni ile ile inafika vijijini kwetu, kutoka vituo vya uhimilishaji kama cha Usa River, Arusha. Kidonge cha kauri ya itriamu kilichokwisha tengenezwa ni kidogo kama sarafu na kinaweza kuagizwa, hakuna haja ya kuwashikisha watoto kaboneti ya bariamu, ambayo ni sumu. Mwalimu wa fizikia unayesoma haya, msimamishe Bwana Mifugo wa kata yako. Muombe nusu lita. Fungua madirisha, vaeni glavu na miwani, msikizibe chombo. Weka kidonge kwenye kikombe cha povu, kimwagie, subiri mpaka mchemko utulie, kisha weka sumaku ndogo juu yake na uwaache wanafunzi waisukume kwa kijiti, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.